Ufunguo Uliopotea Mtinko

Mandewa, Singida
Jumapili, baada ya alasiri

Kwako Kaka Nasri,

Assalaam aleikum, na shikamoo kaka. Natanguliza salamu kabla ya yote, maana najua ukiuona mwandiko wangu utaanza kutafuta neno baya kwenye mstari wa kwanza. Hakuna baya. Mama hajambo, mimi sijambo, nyumba imesimama, na yule jogoo mwekundu aliyekukimbiza ulipokuja msibani bado anatawala uwanja. Wifi Saada hajambo? Watoto wanaendeleaje na shule, na yule mdogo ameacha kunyonya kidole? Mwambie shangazi yake anasema kidole hakina asali, na kama anataka asali nimemwekea chupa kwenye kifurushi hiki.

Najua utashangaa. Siku hizi anayekuandikia barua ni benki au mahakama. Simu ninayo na salio lipo, ila kwenye simu wewe una haraka, nyuma yako kuna honi na watu wanakuita bosi, na mimi nikiharakishwa nasema "sawa kaka" hata kwa jambo ambalo si sawa. Nimesema "sawa kaka" mara nyingi mno tangu baba afariki. Halafu nyumba yenyewe imekuwa kimya kiasi kwamba nikiongea na simu uani, mama ananisikia akiwa chumbani kwake. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Kesho asubuhi nitampa konda wa basi barua hii pamoja na dumu la mafuta ya alizeti na hiyo asali. Nakuomba uisome ukiwa umekaa.

Mama bado yuko kwenye eda, kama unavyojua. Hatoki getini, hajipambi, haonani na mwanamume asiye maharimu wake. Mwanzoni wanawake wa mtaa walijaa humu, kila mmoja na sufuria yake, ukitafuta pa kukaa unakosa. Sasa wamepungua. Siwalaumu, kila mtu ana kwake. Asiyekosa ni Mama Theodora wa jirani. Kanisani kwake haendi kwa bidii kama anavyokuja hapa. Analeta maziwa, anakaa mkekani na mama, wanasemeshana Kinyaturu cha Ikungi na kucheka kidogo, kisha naye anaondoka. Mimi natoka asubuhi kwenda gereji na kurudi jioni. Nikipika, mkono wangu bado unapima wali wa watu watatu. Sehemu ya baba anakula jogoo, ndiyo maana amenenepa na kiburi kimemzidi.

Kaka, sitakuficha, upweke wa nyumba hii sijapata kuuona. Nilipopewa talaka na kurudi na sanduku langu nilidhani nimeshaujua upweke, nikajiona mzoefu. Kumbe wakati ule baba alikuwepo, akiingia lazima aulize nani kahamisha ndala zake, lazima agombane na redio, lazima aniite "fundi mkuu" mbele ya wageni hadi nione haya. Siku hizi ndala zake zipo palepale mlangoni na hakuna anayeziulizia.

Sasa niingie kwenye gari, maana najua ndilo unalolisubiri.

Kabla hujapanda basi kurudi Dar ulinipa maagizo matatu. Eda ikiisha mama aje akae kwenu, nyumba hii ipangishwe, na gari la baba liuzwe mapema kabla halijaoza uani. Ukasema, Rukaya wewe ni fundi umeme wa magari, liweke sawa tu, mnunuzi atapatikana. Nikasema sawa kaka. Hukuniuliza mimi nitakaa wapi nyumba ikipangishwa, na mimi sikukukumbusha.

Unakumbuka pia habari ya ufunguo. Baba alizidiwa akiwa mnadani Mtinko, watu wakamkimbiza hospitali kwa gari lingine, na la kwake nikaenda kulichukua mimi kwa ufunguo wa akiba, ule wa chuma kitupu usio na rimoti. Ufunguo wake mwenyewe, wenye rimoti ya kufungia milango, hatukuuona. Tuliuliza hospitali, tukauliza msikitini, wewe mwenyewe ulinisaidia kugeuza magodoro huku mama ameketi pembeni anatutazama. Tukakubaliana kwamba ulidondoka Mtinko kwenye vumbi la mnada, ukakanyagwa na ng'ombe, basi.

Muda si mrefu baada ya wewe kuondoka, gari likaanza tabia. Naliacha limefungwa, nalikuta wazi. Naliacha wazi, nalikuta limefungwa. Jioni jua likianza kulegea, loki za milango yote minne zinapiga zenyewe, kacha-kacha-kacha, kisha kimya. Unajua zilivyo na kelele loki zile, mtu aliye jikoni anazisikia. Na unajua pia kwamba baba ndivyo alivyokuwa akifunga gari. Alikuwa hawaamini wezi wala hajiamini mwenyewe, kwa hiyo anafunga, anafungua, anafunga tena, harakaharaka, ndipo anavua viatu. Mama akisikia mlio ule alikuwa anabandika chai.

Mnunuzi niliyempata ni Melkizedeki, yule mfanyabiashara wa asali na kuku wa Kinyangiri, mtu mnene mwenye kicheko. Alikuja jioni moja, akalizunguka gari, akapiga teke tairi kama wanavyofanya wasiojua magari, akaingia ndani na kufunga mlango ili asikie unavyolia. Hapohapo loki zikapiga, kacha-kacha-kacha, zikamfungia. Kaka, yule bwana alisahau kwamba mlango wa gari unafunguliwa kwa mkono kutoka ndani. Akapigapiga kioo, akaanza kusali kwa Kinyiramba, na nilipomtoa akamalizia sala kwa Kiswahili ili nasi tuisikie. Akajifuta jasho na kusema gari analipenda, na bei hana neno nayo, ila hawezi kununua gari ambalo mwenyewe bado hajashuka.

Neno hilo likatoka getini kabla yake. Kesho yake gereji nzima ilikuwa inaniuliza kama ni kweli Mzee Mselemu anakuja kufunga gari lake. Ustadhi akaja akasoma dua, akalipulizia gari pande zote, mama akaitikia amin kutoka nyuma ya pazia la dirisha lake. Kesho yake jioni likapiga tena. Hata Mama Theodora, ambaye huwa haogopi kitu chochote isipokuwa nyoka, akaanza kupitia mlango wa nyuma na maziwa yake.

Mimi nilikasirika. Nilikasirika kwa sababu sipendi gari linishinde, halafu kwa sababu kuna sehemu yangu ndogo, naona aibu kuiandika, iliyokuwa ikitamani iwe kweli. Ndipo ulipopiga simu ukasema niache hadithi za majini, nipime waya. Ulisema kweli, nikaenda kupima.

Nikueleze kwa lugha ya duka, maana wewe umeme unaujua pale tu unapokatika. Chini ya dashibodi, upande wa miguu ya dereva, kuna kiboksi cheusi kinachoendesha loki. Chukulia ni muuza duka nyuma ya kaunta. Hafanyi kitu mpaka aagizwe, na wanaomwagiza ni watatu tu. Wa kwanza ni swichi iliyo mlangoni kwa dereva, wa pili ni tundu la ufunguo, wa tatu ni kile kidude kinachopokea rimoti. Kila mmoja ana waya wake. Amri ikija kwenye waya wowote kati ya hizo, boksi linapeleka umeme kwenye mota za milango, na milango inapiga. Kwa hiyo loki zikipiga zenyewe, ama muuza duka kapata wazimu, ama kuna anayemwagiza na humwoni.

Nilianza na muuza duka mwenyewe. Nikapima umeme unaoingia, volti kumi na mbili na ushee, safi. Nikapima waya wa athi, ule unaorudi kwenye bodi, nikakuta una kutu, nikaukwangua na kuukaza nikidhani nimemaliza kazi. Jioni, kacha-kacha-kacha. Nikaweka mita kwenye waya zinazokwenda kwenye mota, nikaona boksi linatoa umeme sawasawa na kwa wakati wake, na baada ya hapo linatulia kabisa. Kitu kilichoungua hakina adabu hiyo. Hapo nikajua boksi ni zima. Halikuwa linaamua lenyewe, lilikuwa linatumwa.

Nikachomoa waya wa swichi ya mlangoni. Jioni likapiga. Siku iliyofuata nikachomoa na waya wa tundu la ufunguo. Jioni likapiga. Ukabaki waya wa kidude cha rimoti, na rimoti yenyewe, kwa hesabu yetu sote, iko Mtinko chini ya kwato za ng'ombe. Nikaunga taa yangu ya kupimia kwenye waya ule, nikalala chali chini ya usukani, miguu nje, nikasubiri jua lilegee. Na kweli kaka, taa ikawaka na kuzima, ikawaka na kuzima, ikawaka na kuzima, na loki zikaifuata. Amri ilikuwa inatoka hewani.

Nilidhani kidude kimeingia unyevu kinaota ndoto. Nikainuka kwenda ndani kuchukua bisibisi ndogo ili nikifungue. Ndala nilikuwa nimezivua kwenye gari, kwa hiyo nilipita koridoni bila kishindo. Mlango wa mama ulikuwa umeegeshwa. Alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na dirisha, amenipa mgongo, na mapajani kwake ameweka lile koti la kahawia la baba alilolivaa siku ya Mtinko, lile tulilorudishiwa kutoka hospitali. Mkono wake ulikuwa umelishika koti kwenye mfuko. Nikauona mkono ukibonya tena juu ya kitambaa, na huko nje gari likapiga tena.

Mama akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa kama ya kumwambia mtu apishe njia, "Karibu. Pole na jua." Kisha akakaa kimya kwa muda ambao mtu anavua viatu. Kisha akalikunja koti.

Nilirudi kwenye gari kinyumenyume. Nikalala tena chini ya usukani pale nilipokuwa, nikalia huku taa ya kupimia imening'inia usoni mwangu. Nililia kama mtoto, kaka. Sisi wengine sote tulifika kwenye kaburi la baba, kila mtu kwa wakati wake. Hata wewe uliyefika udongo umeshakauka ulikwenda makaburini ukasimama, ukasema ya kusema. Mama peke yake ndiye aliyebaki ndani, na ndani bado yupo.

Sasa nikiri lililonifanya niandike. Ile siku niliyokupigia na kukuambia boksi limeungua, kwamba litatafutwa la mtumba na linaweza kuchukua muda, nilikuwa nakudanganya. Melkizedeki naye nilimwambia hivyohivyo. Boksi halijaungua na halijawahi kuungua. Wewe ukasema utalitafuta huko Dar, ukanitumia hadi picha za maboksi, na mimi nikawa nakujibu hili siyo, hilo siyo, tundu zake hazifanani. Nisamehe. Niliona nikisema kweli utapiga simu kwa mama, utamwambia kwa upole ule wako kwamba ampe Rukaya ufunguo, na yeye atanipa bila neno. Unamjua mama yetu. Hajawahi kukataa kitu katika maisha yake, ila anaweza kupungua.

Lakini uongo wangu haukuishia hapo.

Rimoti ikaanza kuchoka. Kibetri chake ni kile kidogo cha duara, na mama alikuwa akiibonya rimoti kila siku. Jioni moja nikaona pazia la mama linatikisika, nikangoja, gari halikupiga. Pazia likatikisika tena. Likapiga mara moja, kwa unyonge. Usiku ule mama alisema hana njaa. Kesho yake gari halikupiga kabisa, na chai niliyompelekea niliikuta asubuhi imefanya utando. Akaanza kulala mchana. Mama Theodora akanivuta pembeni akaniuliza mama yako anaumwa nini, mbona leo nimemsimulia habari ya mbuzi wake aliyeingia kanisani na hakucheka.

Kununua betri ni kazi ya kwenda dukani na kurudi. Lakini ningeitia vipi bila kumwambia kwamba nimeona? Siri ya mtu mzima ni kama nguo yake ya ndani, hata ukiiona imeanikwa unageuza shingo. Basi nikafanya lile ninaloliweza. Nikaunga kipande cha waya kwenye ule waya wa amri, nikakipitisha chini ya zulia hadi kwenye kiti cha dereva. Nikikigusisha kwenye chuma cha bodi, boksi linadhani limeagizwa na rimoti. Kila jioni nikirudi gereji naingia ndani ya gari kana kwamba natengeneza, nashusha kiti ili nisionekane, natazama pazia kwa kioo cha pembeni. Pazia likitikisika, nagusisha waya mara tatu. Kacha, kacha, kacha.

Mama akaanza kula tena. Akaanza kunigombeza kuhusu chumvi. Nikajisifu moyoni kwamba mimi ni fundi mkuu kweli, baba hakukosea.

Na nikuambie kitu ambacho sikukitarajia. Nilianza kuisubiri saa ile kuliko yeye. Gereji nacheka na watu, natukanana na madereva, lakini kuanzia alasiri macho yangu yako kwenye jua. Ndani ya gari bado mna harufu ya baba, ile ya tangawizi na magunia ya alizeti. Kofia yake iko kwenye dashibodi. Nilikuwa nakaa pale hata baada ya loki kupiga, bila kazi yoyote, mpaka adhana ya maghribi initoe. Hakuna mahali pengine katika mji huu ambapo kuna mtu alikuwa ananisubiri, hata kama alikuwa anamsubiri mtu mwingine.

Wiki iliyopita nikaitwa Sekenke. Lori la mizigo lilizimika taa zote pale kwenye mteremko, mwenye lori akanifuata, nami sikuweza kumwacha dereva mlimani bila taa. Nilidhani nitawahi. Sikuwahi. Njia nzima ya kurudi nilikuwa naangalia kwenye kioo jua linazama nyuma yangu, najiambia leo mama amebonya, amebonya, na hakuna aliyemwitikia. Niliingia getini maghribi imeshapita, nimejiandaa kumkuta amejifunika shuka hadi usoni.

Nikamkuta jikoni. Chai imechemka, chapati zimefunikwa kwa kawa, na yeye anapepeta mchele. Hata hakugeuka. Akaniambia, "Umechelewa. Gari halikuitika, nikajua bado hujarudi."

Kaka, nilisimama na begi langu la vifaa mkononi nisijue niliweke wapi. Mama akaniambia nikae, nitaanguka na chai yake. Kisha akanieleza, taratibu, huku anapepeta. Ufunguo aliukuta mfukoni siku tuliporudishiwa lile koti, na sisi tulipokuwa tunageuza magodoro alikuwa ameukalia. Akasema yeye si mwehu, haongei na marehemu, na anajua vizuri kuliko ustadhi kwamba aliyekwenda hashuki kwenye gari. Ila katika vitu vyote alivyoacha baba, koti, kofia, kanzu, redio, ni gari tu ambalo ukiliita linaitika. Alikuwa anataka kuitikiwa mara moja kwa siku, basi, siku zikamzoea hivyo. Akaniambia siku ile ya Melkizedeki alibonya makusudi, hakupenda mtu apige teke tairi la mumewe. Akacheka, nami nikacheka, tukacheka hadi mchele ukamwagika.

Nikamuuliza alijuaje kwamba ni mimi. Akasema rimoti ina kitaa chekundu, na kitaa kilishazima zamani, na yeye ni mzee lakini si kipofu. Tena akasema mkono wangu ni mzito. Baba alikuwa anapiga harakaharaka kama anayefukuzwa, mimi napiga kama naomba ruhusa. Jioni ya kwanza tu niliyogusisha waya alijua.

Basi kwa nini, nikamuuliza, kwa nini uliendelea kubonya kitu ambacho umeshajua kimekufa? Akaacha kupepeta. Akasema alikuwa ananiona kwa upenyo wa pazia, mtoto wake mkubwa mzima, kila jioni amejikunyata peke yake ndani ya gari mpaka adhana. Akasema, eda yangu mimi ina siku yake ya kuisha, Rukaya, yako sijui itaisha lini. Nikaona nikiacha kubonya, huyu atakaa mle ndani bila hata wa kumuita.

Tulikunywa chai. Nilikula chapati nyingi kuliko adabu inavyoruhusu.

Kwa hiyo hayo ndiyo ya gari, kaka. Boksi ni zima, waya zote nimezirudisha mahali pake, na ile ya chini ya zulia nimeitoa. Melkizedeki bado yuko tayari nikimhakikishia kwamba mwenyewe ameshashuka. Uamuzi ni wako, wewe ndiye mkubwa wetu. Mimi ninalokuomba, na safari hii sisemi "sawa kaka", ni kwamba usimchukue mama kwa simu. Usipange nyumba, usipange gari, usinipange na mimi, ukiwa huko. Njoo. Njoo eda haijaisha, uje ukae angalau siku chache, ule wali wa mtu wa tatu, jogoo apungue mwili. Ukishakaa ndipo useme unachotaka kusema, nami nitakusikiliza, na mama naye tutamsikiliza, maana nimegundua hatujawahi kumuuliza.

Ufunguo wa baba hutauona Mtinko. Umo humu ndani ya kifurushi, nimeufunga kwenye kipande cha khanga chini ya chupa ya asali. Mama ndiye aliyenipa kwa mkono wake, akasema upelekewe Nasri. Betri nimetia mpya, nimeijaribu, kitaa kinawaka. Nilimuuliza kama ana hakika, kwa sababu kuanzia sasa jioni zake zitakuwa kimya. Akasema ana hakika. Amechoka kubonya mwenyewe. Anataka siku moja gari liitike wakati mikono yake imo kwenye unga.

Ukifika usigonge geti, wala usipige simu kwamba umefika. Simama pale ukutani, ubonye mara tatu. Fanya haraka, kama baba.

Mama anakusalimu sana, na anasema nimchukulie wifi kitenge ukija naye. Mama Theodora anakusalimu, ameanza tena kupita mlango wa mbele. Nibusie watoto wote, na huyo wa kidole umpe asali kidogo kidogo isije ikamharibu meno. Mafuta usiyaweke juani. Nakutakia safari njema hata kabla hujaamua kusafiri.

Ni mimi mdogo wako,
Rukaya Mselemu